Tuitunze Konveta ya Katapila la Zamani

Wasomaji wetu wa Mtwara, Newala, Tandahimba na Masasi mnakijua kiangazi cha kwetu. Mvua zikikatika, ndipo katapila hutafutwa: kung'oa visiki vya mikorosho mikongwe, kuchimba lambo, kufungua njia ya kwenda mashambani. Mara nyingi katapila lenyewe ni la zamani, limekwisha tumika kwingine miaka mingi. Likiharibika mwezi wa Agosti, mvua za Desemba zinaweza kuanza visiki vikiwa pale pale, na fedha za kukodi zimekwisha kutolewa.

Leo tunaeleza kifaa kimoja tu cha mashine hiyo, maana kikifa, gharama yake ni kubwa mno. Jina lake ni torki konveta. Mafundi huiita konveta, basi.

Si kila katapila lina konveta. Wazee wetu wanaukumbuka mpango wa karanga wa Nachingwea, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951, ambao ndio ulioleta bandari ya Mtwara. Makatapila mengi ya wakati ule yalikuwa ya klachi, na mengi yalifika nchini yakiwa yamechakaa kwa kazi za vita. Konveta zilienea katika makatapila makubwa miaka ya 1950 na 1960. Kama opareta anabadili gia bila kugusa klachi yoyote, basi karibu hakika mashine hiyo ina konveta.

Inafanyaje kazi? Chukua sufuria ya maji, uyakoroge kwa mwiko. Tupia jani dogo majini. Jani litazunguka ingawa mwiko haukuligusa. Kilicholizungusha ni maji. Konveta nayo ni hivyo hivyo. Ndani yake mna magurudumu mawili yenye mapanga, yametazamana kama mabakuli mawili. Moja huzungushwa na injini, likairusha oili kwa nguvu. Oili hiyo hulipiga gurudumu la pili, nalo likazunguka na kupeleka nguvu kwenye giaboksi na minyororo. Katikati kuna gurudumu la tatu, dogo, ambalo huigeuza oili inayorudi ili isaidie kusukuma tena. Kwa hiyo mzigo ukiwa mzito, konveta huweza kuzidisha nguvu ya kuzungusha mara 2 hadi 3. Ndiyo sababu katapila la konveta halizimi injini kwa urahisi linapokutana na kisiki.

Lakini hapo hapo ndipo ugonjwa unapoanzia.

Opareta analielekeza katapila kwenye kisiki cha mkorosho. Kisiki kinakataa. Injini inanguruma, minyororo imesimama. Mwenye shamba anashangilia, anaona mashine inafanya kazi kweli kweli. Kumbe wakati huo hakuna kazi inayofanyika! Nguvu yote inayoingia kwenye konveta inageuka kuwa joto ndani ya oili. Mashine yenye nguvu za farasi 200 ikisukuma hivyo, joto lake lingetosha kuchemsha ndoo ya maji ya lita 20 kwa muda usiofika dakika 1. Sasa fikirini anaposukuma dakika tatu, nne, halafu anarudia. Oili inaungua na kuwa nyepesi, sili zinakauka na kupasuka, na oili inaanza kuvuja.

Kwa maoni yetu, kosa hili si la opareta peke yake. Anayekodi kwa saa humhimiza: "Sukuma bwana, muda unakwenda!" Ni afadhali kibarua achimbe kwanza kuzunguka kisiki na kukata mizizi mikubwa kwa shoka. Kisha opareta atumie gia ya kwanza, asukume kidogo, arudi nyuma, aje upande mwingine. Minyororo ikisimama tu, aache.

Mbele ya opareta ipo geji ya joto la konveta. Katika mashine nyingi eneo jekundu huanza karibu na nyuzi 120 za Sentigredi. Mshale ukikaribia hapo, aweke gia huru, ashushe bamba la kusukumia chini, aache injini izunguke kwa kasi kidogo kupita kiasi cha kupumzika, mpaka mshale urudi. Asizime injini mara moja. Injini ikizima, pampu nayo inasimama, na oili ya moto inabaki imetulia mle mle ndani. Kama geji imekufa, inunuliwe nyingine kabla ya kazi. Kufanya kazi bila geji hiyo ni kubahatisha.

Oili ya konveta hupozwa na maji ya rejeta. Kwa hiyo rejeta chafu huiua konveta hata kama opareta ni mwangalifu. Wakati wa kiangazi vumbi letu jekundu, majivu ya mashamba yaliyochomwa na mbegu za nyasi huziba matundu ya rejeta. Isafishwe kila jioni, injini ikiwa imezimwa na kupoa. Maji au upepo uelekezwe kinyume na upepo wa feni, pasiwe na nguvu ya kupinda mabati yake membamba. Na kifuniko cha rejeta kisifunguliwe ikiwa ya moto. Maji yatakurukia usoni.

Juu ya oili yenyewe, tunasisitiza jambo moja: aina yake isibuniwe. Zipo konveta za zamani zilizotengenezwa kutumia dizeli badala ya oili. Nyingine hutumia oili nyepesi, nyingine nzito kidogo kwa nchi za joto. Someni kitabu cha mashine au kibati chake. Kitabu ndicho kitasema pia oili ipimwe injini ikizunguka au ikiwa imezimwa. Ikipungua, pampu hunyonya hewa. Ikizidi, hufanya povu, na povu halisukumi kitu. Vitabu vingi hutaja filta ibadilishwe kila saa 500 na oili kila saa 1,000, lakini katika vumbi usingoje saa hizo zifike.

Filta ya zamani isitupwe bila kuchunguzwa. Chembe zinazoshikwa na sumaku ni za chuma. Chembe za njano ni shaba. Ukiona chembe nyeupe kama fedha ambazo sumaku haizishiki, hiyo ni aluminiamu, na mara nyingi zimetoka kwenye mapanga ya konveta. Simamisha kazi, umwite fundi. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia.

Mashine ikikosa nguvu, watu husema upesi, "Konveta imekufa." Pengine siyo. Safisha kwanza chujio cha hewa cha injini na ubadilishe filta ya dizeli. Injini dhaifu huifanya konveta nzima ionekane mbovu.

Mwisho, anunuliwe opareta daftari. Kila siku aandike saa alizofanya, joto la juu kabisa alilosoma kwenye geji, na oili aliyoongeza. Ikiwa Jumatatu aliongeza lita 1, Jumatano lita 2, na Ijumaa lita 3, oili inakwenda mahali fulani. Tazameni chini ya mashine asubuhi kabla haijawashwa. Kama hakuna hata tone, fungueni rejeta ingali baridi, mtazame kama oili inaelea juu ya maji.