Kiatu cha Kutembea Milimani: Kinachoshika Mguu na Kinachopitisha Hewa

Kila msimu wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, njia za Mlima Kilimanjaro hujaa wapandaji pamoja na wapagazi wao. Baadhi yao huishia katika kliniki za mifupa wakiwa na kifundo kilichoteguka, kucha za vidole gumba zilizogeuka nyeusi, au malengelenge yaliyopasuka na kuingiwa na uchafu. Wengi wao walifikiria sana koti la baridi na tochi ya kichwani, lakini kiatu walikiazima au walikinunua juzi. Makala haya yanaeleza namna ya kukichagua. Yatamfaa pia anayetembea Usambara au Uluguru, na hata mgonjwa aliyeshauriwa na daktari wake kutembea kila siku kwenye barabara ya vumbi na mawe.

Mguu, kutoka kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa 26 iliyofungwa pamoja kwa kano nyingi. Katika kila hatua mguu hufanya kazi mbili zinazopingana: unapotua hulegea ili ukae sawa na ardhi, na unapojisukuma mbele hukakamaa kama wenzo. Kiatu kinachoshika mguu vema ni kile kisichozuia kazi ya kwanza, na kinachoisaidia ya pili pale ambapo mawe na mzigo vimeuchosha mguu. Kukitambua hakuhitaji chombo chochote. Kishike kwa ncha na kisigino, kisha kikunje. Kinapaswa kukunjika pale vidole vinapoanzia, kwani ndipo mguu wenyewe unapokunjika. Kikikunjika katikati kama karatasi, kiache. Kisha kisokote kama mtu anayekamua nguo. Soli ikizunguka bila ukinzani, kwenye mawe kifundo chako ndicho kitakachozunguka. Mwisho bonyeza sehemu ya nyuma ya kisigino kwa kidole gumba: isibonyee kwa urahisi.

Hapa wauzaji huleta hoja ya buti refu. Husemwa kwamba buti linalofunika kifundo huzuia kuteguka, na wahudumu wa afya wengi hurudia ushauri huo. Ushahidi hauungi mkono imani hiyo kwa kiasi hicho. Utafiti uliofanywa kwa wachezaji wa mpira wa kikapu wa vyuo nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 1993 haukuona tofauti ya maana kati ya waliovaa viatu virefu na waliovaa vifupi. Uwanja wa kikapu si mlima, ni kweli, lakini matokeo hayo yanatosha kututia shaka. Tunalolijua kwa uhakika zaidi ni kwamba anayeteguka mara nyingi ni yule aliyewahi kuteguka, na kwamba mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja, kwanza macho wazi, baadaye macho yakiwa yamefumbwa, hupunguza hatari ya kurudia. Wiki sita za mazoezi hayo wakati wa kupiga mswaki nazithamini kuliko sentimita kumi za ngozi juu ya kifundo.

Uzito nao una gharama yake. Kila gramu 100 zinazoongezwa kwenye kiatu huongeza matumizi ya oksijeni ya mtembeaji kwa takriban asilimia 1. Idadi hiyo inaonekana ndogo mtu akiwa Moshi mjini. Karibu na kilele chenye mita 5,895 si ndogo hata kidogo. Kwa hiyo, mwenye mzigo mwepesi kwenye njia iliyotengenezwa hufaa kuvaa kiatu kifupi au cha wastani chenye soli imara. Mpagazi anayebeba kilo 20, anayekanyaga changarawe inayoteleza, ana sababu nzuri ya kuvaa buti, na usiku wa kwenda kileleni, joto linaposhuka chini ya sifuri, kila mtu anayo sababu hiyo.

Suala la hewa ndilo linaloeleweka vibaya zaidi. Lengelenge halitokani na ngozi kusuguliwa juu juu tu. Mfupa husogea ndani ilhali ngozi ya juu imeng'ang'ania soksi. Matabaka ya ngozi huvutwa kuelekea pande tofauti mpaka yanaachana, na nafasi hiyo hujaa maji. Ngozi iliyolowa jasho hung'ang'ania zaidi kuliko ngozi kavu, na hapo ndipo upitishaji wa hewa unapohusika na afya ya mguu. Viatu vingi huuzwa vikiwa na utando wa ndani usiopitisha maji. Utando huo hutegemea mvuke kusukumwa kutoka ndani kwenye unyevu mwingi kwenda nje penye unyevu mchache. Katika msitu wa mvua ulioko chini ya mlima, ambako hewa ya nje nayo imejaa unyevu, mvuke hauna pa kwenda. Zaidi ya hayo, maji yakishaingia kwa juu, kiatu hicho hukauka polepole mno. Kwa matembezi ya joto na ya siku moja napendelea kiatu chenye kitambaa cha wavu, ambacho hulowa upesi na kukauka upesi. Wenye utando uwe kwa ajili ya baridi na matope ya siku nyingi.

Soksi ni nusu ya kiatu. Pamba hunyonya jasho na kulishikilia; sufu laini au nyuzi za kiwandani huliondoa kwenye ngozi. Beba jozi ya pili na uibadilishe mchana, na ukaushe katikati ya vidole, kwani fangasi wanaopapenda mahali hapo hupasua ngozi na kufungua mlango kwa bakteria.

Kuhusu saizi, nenda kununua jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kama utakavyovimba safarini, na uvae soksi zile zile utakazotembea nazo. Pima miguu yote miwili na ufuate ule mkubwa. Kati ya kidole kirefu kuliko vyote na ncha ya kiatu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kisha tafuta ngazi au mteremko, ushuke. Kucha nyeusi hupatikana wakati wa kushuka: wanaorudi kwa njia ya Mweka hushuka zaidi ya mita 4,000 kwa siku mbili hivi, na vidole vikigonga mbele kila hatua, damu huvilia chini ya ukucha. Kukaza kamba juu ya kifundo kabla ya mteremko, ili kisigino kisitoke mahali pake, husaidia kuliko plasta yoyote.

Wengi wetu hununua mitumba, Karume au Memorial, na hakuna aibu wala hasara ya lazima katika hilo. Buti zuri lililovaliwa mara chache hupatikana humo kwa bei nafuu. Lakini sponji iliyo katikati ya soli huzeeka hata kiatu kikiwa kabatini. Joto na unyevu huivunjavunja taratibu, na kiatu kinachoonekana kipya huachana soli siku ya pili ya safari. Bonyeza sponji hiyo kwa ukucha. Ikimeguka au ikiwa na mipasuko midogo, usinunue.

Mwenye kisukari anahitaji uangalifu wa pekee, kwani kwake kiatu kibaya chaweza kuleta kidonda, na kidonda kikaleta kukatwa mguu. Mgonjwa ambaye mishipa yake ya fahamu imedhoofika mara nyingi huchagua kiatu kinachobana, kwa sababu ndicho pekee anachokihisi. Akikuambia kinamkaa vizuri, neno lake halitoshi. Chora unyayo wake kwenye karatasi akiwa amesimama, kisha weka kiatu juu ya mchoro. Mhudumu wa afya asiye na uzi wa gramu 10 aweza kumpima kwa ncha ya kidole chake: mgonjwa afumbe macho, mguse kwa wepesi, bila kusukuma, kwa sekunde moja au mbili kwenye ncha za kidole cha kwanza, cha tatu na cha tano vya kila mguu. Asipohisi miguso miwili au zaidi kati ya sita, hisia zake zimepungua. Kutembea asikatazwe kwa sababu hiyo pekee, lakini kiatu kipya akivae saa moja tu kwa siku mwanzoni, akipapase ndani kwa mkono kila asubuhi kutafuta kokoto au mshono uliojitokeza, na akague nyayo zake kila jioni, kwa kioo au kwa jicho la mwenzake.

Aliyeteguka apelekwe kupigwa eksirei iwapo hawezi kupiga hatua nne, au ana maumivu anapobonyezwa nyuma ya vifundo vya mfupa au kwenye ncha zake, katika chanzo cha mfupa wa tano wa wayo, au juu ya mfupa wa nakula ulio upande wa ndani wa mguu. Kanuni hiyo humwachia asiye na dalili hizo aende nyumbani salama, ila haimfai aliyepoteza hisia, kwani maumivu ndiyo kipimo chake. Mwenye kisukari akija na mguu mmoja uliovimba, mwekundu na wenye joto kuliko mwenzake, hata bila kidonda na hata akisema hauumi, asiambiwe amejitegua kidogo. Asiukanyagie mguu huo, na apewe rufaa siku hiyo hiyo, kwa kuwa mifupa inaweza kuwa inavunjika ndani na kila hatua huipotosha zaidi.