Kochi la Bedsita: Usitume Pesa kwa Picha

Umehamia bedsita, umeona kochi safi mtandaoni, na muuzaji anakwambia, "Tuma nusu nikuwekee, wengi wanalitaka." Ngoja kwanza. Akishatoa hizo pesa, hata sisi hatuwezi kukuahidi kwamba zitarudi.

Nenda ulione, iwe ni Gikomba ama Ngong Road, mafundi wanapopanga viti kando ya barabara. Beba vipimo vya mlango na vya kona ya ngazi. Makochi mengi hukwama hapo. Ukitengenezewa, lipa kwa awamu: pesa za mbao kwanza, salio kochi likiingia nyumbani. Unapotuma, soma jina linalotokea. Si la fundi? Muulize. Ujumbe wa malipo usiufute.

Pazia zitangoja mwezi ujao. Leso dirishani si aibu, sisi pia tumeishi hivyo.