Kinyago kidogo kinaonekana bapa kwenye picha? Usishushe bei kwanza

Wadau, mteja wa mtandaoni hashiki bidhaa, anaona picha tu. Simba wa mbao wa sentimita 6 aliyepakwa rangi moja anaonekana kama plastiki, mteja anapita zake. Wengi hapo wanakimbilia kushusha bei. Jaribu kwanza kivuli na mwanga.

1. MSINGI. Paka rangi ya akriliki mara mbili, nyembamba. Ukipaka nzito inaziba mikato ya mchongaji. Acha ikauke kabisa.

2. KIVULI. Chukua kahawia iliyokolea, izimue na maji mpaka iwe nyepesi kama chai ya rangi. Paka kwenye manyoya ya shingo, itaingia yenyewe kwenye mifereji. Ikituama mahali, inyonye kwa brashi safi. Nyeusi tupu usiweke kwenye simba wa njano, ataonekana mchafu.

3. MWANGA. Rangi ileile ya msingi, ongeza krimu kidogo. Chovya brashi, ifute kwenye kitambaa mpaka ibaki karibu kavu, halafu pitisha juujuu tu kwenye palipoinuka: pua, nyusi, ncha za manyoya. Usitumie nyeupe peke yake, inaonekana kama chaki.

4. KUMALIZIA. Vanishi iwe isiyong'aa. Inayong'aa inarudisha mwanga kwenye kamera, kivuli ulichohangaikia kinapotea. Piga picha karibu na dirisha, flashi zima.

Anza na kimoja, kiweke kwenye picha pamoja na cha zamani. Utaona mwenyewe kipi kinastahili bei yako.