Sentensi Moja Jaladani: Kanuni za Kikokotoo katika Mtihani wa Hisabati

Utangulizi

Kwenye jalada la karatasi ya Hisabati ya mtihani wa KCSE huorodheshwa maagizo kwa watahiniwa. Aghalabu maagizo haya hupitiwa upesi upesi, kwa kuwa mtahiniwa ana hamu ya kuyaona maswali yenyewe. Miongoni mwake imo sentensi moja inayoeleza kwamba vikokotoo vya kielektroniki visivyotoa sauti na visivyopokea programu, pamoja na majedwali ya hisabati ya Baraza la Kitaifa la Mitihani nchini Kenya (KNEC), vinaweza kutumiwa, isipokuwa pale ambapo imeelezwa vinginevyo.

Makala haya yanadhamiria kuichambua sentensi hiyo kipengele baada ya kipengele, kuilinganisha na kanuni za mataifa mengine, na kubainisha uzito wake katika utoaji wa alama. Hoja ya msingi ni kwamba kila kanuni ya kikokotoo hujibu swali moja: je, mtihani unakusudia kupima nini? Asiyeielewa lugha ya kanuni hiyo huweza kupoteza alama za hesabu anazozijua barabara.

Istilahi yenyewe

Ni vyema kuanza na neno. Nomino kikokotoo imetokana na kitenzi kokotoa, yaani kufanya hesabu mpaka jibu lipatikane. Kiambishi ki- kimetangulizwa na irabu tamati -a ikageuzwa kuwa -o, kama ilivyo katika funika na kifuniko, pima na kipimo, ziba na kizibo. Kwa hivyo, umbo la neno hudokeza maana yake: ni ala ya kukokotolea. Darasani na madukani nchini Kenya, hata hivyo, wengi husema kalkuleta.

Matumizi ya istilahi hii hayajatulia pote. Nchini Tanzania, mjadala wa mafao ya wastaafu wa mwaka 2018 ulilieneza neno kikokotoo kwa maana nyingine, yaani fomyula ya kukadiria malipo ya uzeeni. Neno kanuni nalo lina sura mbili: katika utawala ni sheria ndogo, na katika hisabati ni fomyula. Msomaji anayekutana na kirai "kanuni ya kikokotoo" bila muktadha anaweza kukifasiri kwa njia zaidi ya moja. Katika makala haya, kikokotoo ni mashine na kanuni ni agizo la matumizi yake.

Kutoka majedwali hadi mashine

Logarithimu zilichapishwa kwa mara ya kwanza na John Napier wa Uskoti mwaka 1614. Manufaa yake yalikuwa kugeuza kazi ya kuzidisha kuwa kazi ya kujumlisha. Chukua mfano wa 34.7 mara 2.86. Mwanafunzi mwenye majedwali ya tarakimu nne huipata logarithimu ya nambari ya kwanza kuwa 1.5403 na ya pili kuwa 0.4564. Akizijumlisha hupata 1.9967. Akirejea kwenye jedwali la kinyume cha logarithimu, hupata jibu linalokaribia 99.24. Mwenye kikokotoo hupata 99.242 mara tu anapobonyeza vitufe.

Mashine iliyoleta mabadiliko hayo mkononi ni HP-35 ya mwaka 1972, kikokotoo cha kwanza cha kisayansi cha kushika mkononi, kilichouzwa dola 395 wakati huo. Miaka miwili baadaye ilitokea HP-65, iliyoweza kupokea programu. Mwaka 1985 kampuni ya Casio ilitoa fx-7000G, iliyochora grafu kwenye kioo chake. Kwa muda wa miaka 13 tu, chombo kilichoanza kama mbadala wa majedwali kilikuwa kimepata uwezo wa kuhifadhi maagizo na kuchora. Hapo ndipo mabaraza ya mitihani yalipolazimika kuamua mpaka uwekwe wapi.

Uchambuzi wa sentensi

Kipengele cha kwanza ni sharti la kutotoa sauti. Ukumbi wa mtihani ni mali ya wote walioketi ndani yake. Mashine inayolia kila kitufe kinapobonyezwa, au inayotamka nambari, huwasumbua jirani na huweza hata kuwafikishia jibu.

Kipengele cha pili, ambacho ndicho kiini, ni sharti la kutopokea programu. Kikokotoo cha kawaida cha kisayansi hufanya kile ambacho majedwali yalifanya: hutoa kipeuo, logarithimu, sini na kosini. Kile kinachopokea programu huenda mbali zaidi. Mwenyewe anaweza kukihifadhia fomyula, hatua za kutatua mlinganyo, au hata maelezo aliyoyaandika nyumbani. Hapo mtahiniwa anakuwa ameingia na daftari lililofichwa ndani ya mashine. Kwa mantiki hiyo hiyo, simu ya mkononi haikubaliki kamwe ijapokuwa ina kikokotoo ndani yake, maana inahifadhi maandishi na kuwasiliana na walio nje.

Kipengele cha tatu ni kutajwa kwa majedwali bega kwa bega na mashine. Jambo hili lina maana ya kijamii. Yuko mtahiniwa ambaye familia yake haikumudu kununua kikokotoo, na yuko ambaye betri yake imezimika katikati ya karatasi ya saa mbili na nusu. Majedwali humwachia njia ya kuendelea, ingawa njia hiyo ni ndefu zaidi. Aidha, sentensi hutumia kitenzi cha ruhusa, "vinaweza kutumiwa". Haimlazimishi mtu awe na mashine.

Kipengele cha nne ni kishazi cha mwisho: "isipokuwa pale ambapo imeelezwa vinginevyo". Kishazi hiki kifupi huirejesha mamlaka kwa swali lenyewe. Ruhusa iliyotolewa jaladani huondolewa ndani ya karatasi kila swali linapoanza kwa maneno "bila kutumia majedwali wala kikokotoo". Mtahiniwa aliyeisoma ruhusa akaisahau isipokuwa huingia mtegoni akiwa na mashine halali mkononi.

Uzito wa kishazi katika alama

Tuseme swali linasema: bila kutumia majedwali wala kikokotoo, rahisisha 6 gawanya kwa tofauti ya 3 na kipeuo cha pili cha 3. Anayeibonyeza mashine hupata 4.732. Anayefuata agizo huzidisha juu na chini kwa jumla ya 3 na kipeuo cha pili cha 3. Nambari ya chini hugeuka kuwa 9 toa 3, yaani 6, na jibu huwa 3 jumlisha kipeuo cha pili cha 3. Majibu haya mawili yanakaribiana sana kwa thamani, lakini la kwanza ni makadirio yaliyokatwa na la pili ni thamani kamili. Tena la pili linaonyesha kwamba mtahiniwa anajua namna ya kuondoa kipeuo sehemu ya chini. Ujuzi huo ndio ulioulizwa.

Hapa maagizo mengine ya jalada hilo hilo yanafaa kukumbukwa. Mtahiniwa huagizwa aonyeshe hatua zote za ukokotoaji, na huarifiwa kwamba alama zaweza kutolewa kwa njia sahihi hata kama jibu si sahihi. Kwa hiyo, katika mtihani huu njia ina thamani yake yenyewe. Jibu lililotoka mashinani bila hatua humnyima msahihishaji kitu cha kutuza, na jibu hilo likiwa na kasoro ndogo, mtahiniwa hana pa kujitetea. Hali ni hiyo hiyo kwa swali linaloagiza "tumia logarithimu". Mashine huweza kulipata jibu la mwisho, ila jedwali la hatua ndilo linalotazamwa.

Tofauti kati ya "tumia logarithimu", "bila kutumia kikokotoo" na swali lisilotaja chochote ni tofauti ya kimatini, si ya kihesabu. Tena watahiniwa wa Hisabati ya KCSE huagizwa kujibu kwa Kiingereza, lugha ambayo kwa wengi wao ni ya pili au ya tatu. Yule anayepapasa katika lugha ya swali anapimwa mambo mawili kwa pamoja, ilhali alama zinatolewa kwa jina la moja.

Kanuni za kwingineko

Nchini Uganda, karatasi ya Hisabati ya kidato cha nne imekuwa na agizo linalofanana na la Kenya: vikokotoo vya kisayansi visivyotoa sauti na visivyopokea programu huruhusiwa pamoja na majedwali. Tanzania ilifuata njia nyingine kwa miaka mingi. Katika miaka ya 2000, karatasi ya Hisabati ya msingi ya kidato cha nne iliruhusu majedwali na kukataza vikokotoo. Mantiki yake ni wazi. Katika Hisabati ya msingi, hesabu yenyewe ndiyo iliyokuwa ikipimwa. Mantiki hiyo ilidhihirika pia katika mtihani wa KCPE nchini Kenya, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ambao haukumruhusu mwanafunzi wa shule ya msingi kutumia kikokotoo.

Uingereza imeligawa suala hili kwa karatasi. Katika mtihani wa Hisabati wa GCSE, karatasi moja hufanywa bila kikokotoo, na nyingine hufanywa kwa kikokotoo. Kanuni zake hukataza mashine inayotafsiri lugha, inayotatua aljebra kwa herufi au inayowasiliana na mashine nyingine au na intaneti. Hata kifuniko chenye maelezo yaliyochapishwa hakiingii chumbani.

Marekani imeelekea upande wa ruhusa. Mtihani wa SAT uliruhusu vikokotoo kuanzia mwaka 1994. Kati ya mwaka 2016 na kuja kwa mtihani wa kidijitali, sehemu moja ya Hisabati ilifanywa bila kikokotoo. Mtihani huo ulipohamia kwenye kompyuta, mwaka 2023 kwa watahiniwa wa nje na mwaka 2024 ndani ya Marekani, kikokotoo cha kuchora grafu kiliwekwa ndani ya programu ya mtihani yenyewe, na kila mtahiniwa akawa na chombo kile kile kwa maswali yote ya Hisabati.

Mifano hii haionyeshi kwamba taifa moja limepatia na jingine limekosea. Kila moja limeamua ni ujuzi upi wa kulindwa dhidi ya mashine na upi wa kuachiwa mashine.

Ambayo mashine haiyajui

Wapo wanaodai kwamba kumruhusu mwanafunzi kikokotoo ni kumfanyia kazi. Dai hili lina ukweli kiasi, hasa kwa watoto wadogo, ila halizingatii udhaifu wa chombo chenyewe. Mwanafunzi akiandika 8 jumlisha 4 mara 3 katika kikokotoo kidogo cha dukani, aghalabu hupata 36, kwa kuwa mashine hujumlisha kwanza kisha ikazidisha. Kikokotoo cha kisayansi hutoa 20, ambalo ndilo jibu sahihi. Vilevile, sini ya 30 ni 0.5 iwapo mashine imepangwa kwa nyuzi. Ikiwa imeachwa kwenye radiani, hutoa takriban -0.988. Mashine haimwonyi mtumiaji kwamba amekosea mpango.

Kwa hivyo mwenye kikokotoo hana budi kuwa na makisio akilini kabla ya kubonyeza: je, jibu litarajiwe kuwa kubwa au dogo, chanya au hasi? Makisio hayo hutokana na mazoezi ya mkono na kichwa. Mtumai cha nduguye hufa maskini, na ndugu huyu wa plastiki hana habari na swali lililoulizwa.

Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba sentensi moja ya jaladani hubeba maamuzi manne: utulivu wa ukumbi hulindwa, daftari lililofichwa huzuiwa, asiye na mashine huachiwa majedwali, na swali hupewa mamlaka ya kuondoa ruhusa. Mtahiniwa anayeyaelewa maamuzi haya hujua ni lini aikamate mashine na ni lini aiweke chini.

Wanafunzi na walimu wa Kiswahili wana sehemu yao katika jambo hili. Kwanza, istilahi za hisabati zinahitaji kusawazishwa, ili kikokotoo, kanuni na fomyula visiendelee kupokezana maana. Pili, uchambuzi wa maagizo ya mitihani unafaa kuingizwa katika mafunzo ya ufahamu, ambapo mwanafunzi atazoeshwa kutofautisha ruhusa na sharti, na kuitafuta isipokuwa kabla ya kuanza kujibu. Watahiniwa wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4 wanatarajiwa kufanya KCSE mwaka 2027. Watakaowafuata watakuta mitihani mingine na yamkini mashine nyingine, lakini nao watakabidhiwa jalada lenye maagizo, na watatakiwa kulisoma.