Fidia ya Gari Kuukuu la Chama

Gari kuukuu la chama cha msingi likiharibika kabisa katika ajali, bima kubwa hailipi bei ya gari jipya, bali thamani ya gari hilo kabla tu ya ajali. Kiasi kilichoandikwa katika hati ya bima ni ukomo, si ahadi.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi hati ya kumaliza dai, Bodi ya chama yapasa kukusanya stakabadhi za matengenezo, na bei za magari ya aina na umri uleule yanayouzwa Shinyanga, Kahama na Geita. Mapatano yakishindikana, lalamiko hupelekwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

Gari hilo ni jasho la wakulima wa pamba. Fidia yake isipokelewe kwa pupa.