Bafle ya kuume inaonekana imekufa? Pengine inachelewa tu

Ni jioni. Baba wa nyumba anakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, anaweka rumba, na gitare zote zinatokea upande wa kushoto. Bafle ya kuume inaonekana kama imelala. Anasimama, anaikaribia, anatega sikio: inaimba vizuri. Anarudi kwenye kiti: kimya tena. Katika nyumba za Goma, Bukavu, Bunia ao Uvira, jambo kama hilo linamalizikia kwa fundi, ao sokoni, kwa kununua bafle zingine. Lakini inawezekana hakuna kitu kilichoharibika. Bafle ya mbali inachelewa kufikisha sauti, na chombo cha kwanza cha kuitengeneza ni metre ya seremala.

Sauti inatembea

Kila mkaaji wa Kivu anajua kwamba mwangaza wa radi unaonekana kwanza, na ngurumo inasikika nyuma. Mwangaza unafika papo hapo, lakini sauti inatembea. Katika hewa yenye joto la degre 20, inapita karibu metre 343 kwa sekunde moja, ni kusema kilometre moja kwa sekunde 3 hivi.

Ndani ya saloni hesabu ni ileile, ila kwa vipimo vidogo. Santimetre 34, yaani rula ya shule na vidole viwili hivi, zinakula milisekunde moja, sehemu moja ya elfu ya sekunde. Metre moja inakula karibu milisekunde 3.

Wengine wanafikiri kwamba hewa nyepesi ya milimani inabadilisha mambo. Hapana. Mwendo wa sauti unafuata joto la hewa, si urefu wa mlima. Goma iko kwenye metre 1 500 hivi juu ya bahari, na Uvira iko chini zaidi kando ya ziwa Tanganyika. Joto likiwa sawa, sauti inakimbia sawa katika miji yote miwili. Hata kwenye degre 30, mwendo unapanda tu hadi karibu metre 349 kwa sekunde. Kwa saloni ya metre 4, tofauti hiyo haina uzito.

Anayefika wa kwanza ndiye anayesikilizwa

Milisekunde moja inaonekana kuwa kitu kidogo sana. Kwa masikio, ni kubwa. Sauti inayotoka pembeni inafika kwenye sikio la karibu kwanza, kisha kwenye sikio la pili, na tofauti kati ya masikio hayo mawili haipiti sana milisekunde 0,7. Ubongo unatumia muda huo mdogo ili kujua sauti imetoka wapi.

Muziki wa stereo unajengwa juu ya tabia hiyo. Bafle mbili zikitoa sauti ya mwimbaji kwa wakati mmoja na kwa nguvu sawa, ubongo unamweka mwimbaji katikati, mahali ambapo hakuna bafle yoyote. Moja ikitangulia kidogo, mwimbaji anasogea upande wake. Ikitangulia kwa milisekunde moja hivi, anahamia kwake kabisa. Bafle ya pili inaendelea kufanya kazi, lakini sikio linachukua sauti yake kama nyongeza ya ile ya kwanza. Ndiyo sababu inaonekana imekufa wakati iko nzima.

Mwaka wa 1949, Mjerumani Helmut Haas alieleza jambo hilo katika kazi yake ya udaktari kwenye chuo kikuu cha Göttingen. Alionyesha kwamba sauti inayorudiwa milisekunde chache nyuma ya ile ya kwanza inaweza hata kuwa na nguvu zaidi, hadi desibeli 10 hivi, bila msikilizaji kuihesabu kama sauti ya pili.

Hapo ndipo watu wengi wanapoteza nguvu zao bure. Wanazungusha kitufe cha kulinganisha kushoto na kuume, wanapandisha upande mmoja, lakini mwimbaji anakataa kukaa katikati sawasawa. Kitufe hicho kinagusa nguvu ya sauti. Hakigusi wakati.

Kwa rumba, hasara ni kubwa

Rumba ya Kongo iliandikwa na UNESCO kati ya urithi wa wanadamu mwezi wa 12, 2021, kwa ombi la Kongo mbili, Kinshasa na Brazzaville. Ni muziki wa gitare zinazojibizana: ya solo, ya mi-solo, na ile ya kusindikiza. Nyimbo zilizorekodiwa kwa stereo zinaweza kuweka gitare moja kushoto na nyingine kuume, ili msikilizaji afuate mazungumzo yao wakati wa sebene. Upande mmoja ukitangulia, sauti ya mwimbaji inavutwa huko, gitare za upande wa pili zinabaki bila mwenzao wa katikati, na mazungumzo yanapoteza mpango.

Nyimbo za zamani zaidi nazo zina faida yao. Sahani ambazo nyumba za Ngoma na Loningisa zilitoa Kinshasa katika miaka ya 1950, wakati mji ungali unaitwa Léopoldville, zilikuwa za mono: sauti ileile kwa bafle zote. Wimbo wa namna hiyo ni kipimo kizuri. Ukisikika katikati kabisa, kana kwamba mwimbaji amesimama kati ya bafle mbili, kazi ni nzuri. Sauti ya mtangazaji anayesoma habari kwenye redio inasaidia vilevile.

Namna ya kupima, hatua kwa hatua

Kwanza, waya. Nyuma ya kila bafle kuna tundu nyekundu na tundu nyeusi. Nyekundu ya ampli iende kwenye nyekundu, nyeusi kwenye nyeusi, kwa pande zote mbili. Zikigeuzwa upande mmoja tu, bafle moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta: sauti ya katikati inapotea na besi inakuwa dhaifu. Kupima umbali kabla ya kutengeneza kosa hilo ni kazi bure.

Pili, kukaa. Mtu anakaa mahali anapokaa kila siku, si mahali anapotamani kukaa. Mwingine anashika metre na kupima kutoka uso wa kila bafle hadi kichwa cha aliyekaa. Kama hakuna metre, kamba inatosha: inavutwa hadi bafle ya kwanza, inawekwa fundo, kisha inavutwa hadi ya pili.

Tatu, kusogeza. Ikiwa nafasi iko, bafle ao kiti kinahamishwa mpaka vipimo viwe sawa. Mpango ulio mzuri ni pembetatu: umbali kati ya bafle mbili ukaribiane na umbali kutoka kila bafle hadi msikilizaji. Dawa hii haina gharama, na haiombi hata umeme.

Nne, kuchelewesha. Saloni zingine hazikubali kupangwa: mlango uko hapa, tele iko pale, kabati imeshika kona. Tuseme bafle ya kushoto iko metre 1,50 kutoka kwenye kiti, na ya kuume iko metre 2,40. Tofauti ni santimetre 90. Ukigawanya 90 kwa 34, unapata karibu milisekunde 2,6. Bafle ya kushoto, ile ya karibu, ndiyo inapaswa kungoja muda huo. Wengi wanakosea hapa: wanachelewesha ile ya mbali, na tofauti inazidi mara mbili. Kanuni ni moja: anayefika mapema ndiye anayengoja.

Ampli nyingi za sinema ya nyumbani zina ukurasa wa umbali. Hapo mtu anaandika metre alizopima, na mashine inafanya hesabu yenyewe. Kwenye kompyuta ya Windows, programu ya bure inayoitwa Equalizer APO inaweza kuchelewesha upande mmoja tu. Kisha nguvu ya bafle ya karibu inapunguzwa kidogo, kwa kusikiliza, mpaka mtangazaji akae katikati. Tarakimu hizo ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa nyuma ya ampli, kwa sababu mashine zingine zinasahau mpango wao kila mara umeme unapokatika.

Wenye bafle za Bluetooth wana shida nyingine. Ikiwa bafle moja imefungwa kwa waya na nyingine inapokea kwa Bluetooth, kuchelewa kunaweza kupita milisekunde 100. Ni kana kwamba bafle hiyo ingekuwa metre 34 mbali, katika nyumba ya jirani. Metre ya seremala haiwezi kitu hapo. Inafaa kutumia mbili za aina moja, zinazoweza kuungana zenyewe kama kushoto na kuume.

Kiti cha nani?

Kabla ya kugusa mashine, kuna swali ambalo familia inapaswa kujibu. Ucheleweshaji unatengeneza sauti kwa kiti kimoja. Baba akipanga milisekunde kwa ajili ya kiti cha dirishani, mama aliye kwenye kiti kirefu mbele ya bafle ya kuume atamsikia mwimbaji akienda kuume zaidi kuliko zamani, na watoto walio kwenye mkeka vilevile. Mahali ambapo wageni wanazunguka saloni yote, ni afadhali kuacha ucheleweshaji, kuweka bafle kwa ulinganifu, na kugeuza nyuso zake kidogo kuelekea katikati. Ikiwa mashine inakumbuka mipango miwili, mmoja unaweza kuwa wa mtu mmoja usiku, mwingine wa familia.

Na ikiwa baada ya yote hayo upande wa kuume ungali kimya, kuna jaribio la mwisho kabla ya kufungua mfuko wa pesa. Ampli inazimwa, bafle ya kushoto inapelekwa kuume, na ya kuume kushoto, kila moja ikifungwa kwenye waya wa upande wake mpya. Ukimya ukihama pamoja na bafle, basi bafle hiyo ni mgonjwa kweli, na fundi ana kazi. Ukimya ukibaki upande wa kuume, bafle haina kosa: kosa liko kwenye waya, kwenye ampli, ao mahali pa kiti. Kununua bafle mpya hakutabadilisha kitu.