Ngoma ya Wachina inavyoweza kumkinga mzazi wako asianguke

MSOMAJI, mara ya mwisho ulipotoka mjini kwenda kuwasalimu wazazi huko Tetu, je, ulimtazama mama akiteremka kilima kwenda kuchuma majani chai? Kama ilikuwa Aprili au Mei, wakati mvua ya masika inapougeuza udongo mwekundu wa miteremko ya Nyandarua kuwa kama sabuni, bila shaka roho yako ilikuwa mkononi. Hatua moja tu ikikosewa, mama yuko chini.

Kwa mzee, kuanguka si jambo la kuchekwa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kutokana na kuanguka, na wanaoathirika zaidi ni wale waliopita umri wa miaka 60. Mzee akivunjika nyonga hulala kitandani muda mrefu, na hapo ndipo nimonia, vidonda vya kulalia na damu kuganda miguuni humvizia. Mara nyingi kinachomuua si mfupa, bali ni kitanda.

Hata hivyo, ipo kinga ambayo haiuzwi dukani. La ajabu ni kwamba wacheza ngoma wa bara la Asia wamekuwa wakiionyesha jukwaani kwa miaka mingi.

Ngoma isiyo na haraka

Mwaka 1973 kijana aitwaye Lin Hwai-min, ambaye awali alijulikana kama mwandishi wa hadithi, alianzisha kundi la ngoma la Cloud Gate katika kisiwa cha Taiwan. Alikuwa amejifunza dansi ya kisasa mjini New York, lakini alitaka kundi lake licheze ngoma yenye asili ya Kichina. Katika miaka ya 1990 alimwita mwalimu Hsiung Wei awafundishe wachezaji wake tai chi dao yin, mazoezi yenye mizizi ya kale yanayounganisha mwendo wa mwili na pumzi.

Matunda yake yalionekana mwaka 1998 katika ngoma iitwayo Moon Water. Humo wachezaji hawashindani kuruka juu kama swara. Magoti yao hupinda kidogo, mgongo hunyooka, na uzito wa mwili huhama taratibu kutoka mguu mmoja hadi mwingine, mithili ya mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mwishoni maji halisi hutiririka jukwaani na wachezaji huendelea juu yake.

Mazoezi yenyewe si ya jana. Mwaka huo huo wa 1973, katika makaburi ya kale ya Mawangdui nchini China, kulipatikana kitambaa cha hariri chenye michoro ya watu 44, wake kwa waume, vijana kwa wazee, wakinyoosha na kupinda viungo. Kaburi hilo lilifungwa mwaka 168 kabla ya Kristo.

Falsafa na goti

Wahenga wa Kichina wanaofuata njia ya Dao hufundisha kwamba kilicho laini hukishinda kilicho kigumu, kama maji yanavyolila jiwe. Aidha husema kila kitu kina pande mbili zinazokamilishana, yin na yang. Katika tai chi mafunzo hayo hushuka hadi miguuni: mguu mmoja ukijaa uzito, mwingine uwe mtupu, tayari kukanyaga.

Je, jambo hili lina maana kwa daktari? Naam. Watafiti nchini Kanada waliweka kamera katika makao mawili ya kutunzia wazee, wakanasa visa 227 vya kuanguka. Matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba asilimia 41 ya visa hivyo vilisababishwa na mzee kuhamisha uzito wa mwili vibaya. Sababu hiyo ilizidi hata kujikwaa.

Wachina huzungumzia pia nguvu ya mwilini iitwayo chi. Waweza kuiamini au kuikataa, lakini nguvu za mapaja na muda ambao mtu anaweza kusimama kwa mguu mmoja ni vitu vinavyopimika. Mwaka 1996 watafiti wa Atlanta, Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wazee 200 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Wale waliofundishwa tai chi kwa wiki 15 walipunguza hatari ya kuanguka tena na tena kwa asilimia 47.5.

Mwomboko nao?

Huenda unajiuliza, "Mama yangu wa Tetu atampata wapi mwalimu wa Kichina?" Mkumbushe mwomboko. Ngoma hiyo, ambayo Wakikuyu waliicheza enzi za ukoloni kwa kodiani na mlio wa chuma cha karing'aring'a, huchezwa wawili wawili: hatua mbili, kisha magoti yanapinda. Takwimu tulizotaja ni za tai chi, lakini mwomboko nao humfanya mchezaji apinde goti na kuhamisha uzito, tena akiwa ameshikwa mkono na mwenzake.

Ukirudi nyumbani mwishoni mwa juma, jaribu haya pamoja na mzazi wako:

• Asimame nyuma ya kiti kizito, akishika egemeo, miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega.

• Apinde magoti kidogo tu, mgongo ukiwa wima. Goti likiuma, apunguze kupinda.

• Ahamishie uzito wote mguu wa kushoto huku akihesabu hadi nne, kisha wa kulia. Avute pumzi kwa pua bila kuizuia.

• Akizoea, ainue kisigino cha mguu mtupu, baadaye mguu mzima, kisha aushushe kisigino kikitangulia.

Dakika kumi kwa siku zatosha kuanza. WHO hushauri wazee wafanye mazoezi ya kuimarisha nguvu na usawa wa mwili angalau siku tatu kwa wiki. Haba na haba hujaza kibaba.

Tahadhari

Mzazi anayepatwa na kizunguzungu, aliyevunjika mfupa hivi karibuni, au anayetumia dawa za shinikizo la damu zinazomlegeza, amwone daktari kabla ya kuanza. Wala mazoezi hayaondoi haja ya taa ya kuendea chooni usiku, macho yaliyopimwa, na viatu ambavyo soli yake haijalika.

Usingoje simu ya usiku ikuambie mama ameanguka. Nenda ukamwalike acheze. Na wewe uliye mjini, unayeketi kutwa ofisini, simama nyuma ya kiti chako leo hii, kwani magoti ya uzeeni hutunzwa tangu ujanani.